Msingoje Juni

Kila mwaka, Alhamisi moja ya katikati ya Juni, Nairobi, Dodoma na Kampala hutega sikio kwa pamoja. Mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wana desturi ya kusoma bajeti zao siku moja, alasiri, na sisi nyumbani hukaa karibu na redio kusikia ni kipi kimepanda: mafuta, sukari, sigara, ada za kutuma pesa kwa simu. Kesho yake magazeti hutoa picha ya waziri akiinua mkoba. Tunalalamika wiki moja, wengine wiki mbili, kisha tunarudi kazini. Ndugu msomaji, nakuandikia kukuomba jambo moja tu. Mwaka huu usingoje Juni.

Nasema na Mkenya hasa, ingawa msomaji wa Tanga au Mbale naye hatakosa la kujiokotea. Bajeti inayoamua kama zahanati ya kwenu itakuwa na dawa haisomwi na waziri yeyote wa Nairobi. Zahanati, chekechea, barabara za mashinani, maji, masoko, ofisa wa kilimo: yote hayo Katiba ya 2010 iliyakabidhi serikali za kaunti, na Kifungu cha 203 kikaagiza zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 387. Mwaka uliofuata, bilioni 415. Pesa hizo ni zako. Hazikutoka mfukoni mwa gavana, hata kama picha yake imebandikwa kwenye ambulensi.

Sasa tazama kalenda, maana siri yote imo humo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Lakini kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla, kila kaunti hutakiwa iwe imewasilisha mbele ya bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule ambao maofisa huuita ADP. Mradi usiomo humo una njia nyembamba sana ya kuingia bajetini. Kufikia Februari 28 huwasilishwa Taarifa ya Mikakati ya Fedha, kwa lugha ya ofisini CFSP, na hapo ndipo kila idara inapopewa kikomo chake: afya kiasi hiki, kilimo kiasi hiki, ofisi ya gavana kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuijadili na kuipitisha. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30. Juni ni ya kupiga muhuri.

Nasema kupiga muhuri kwa sababu. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema kwamba bunge la kaunti likitaka kubadilisha makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Asilimia moja! Tuseme idara ya maji iliwekewa kikomo cha milioni 300 mwezi wa Februari. Mwakilishi wadi wako anayenguruma bungeni mwezi wa Juni, jasho likimtoka, anapigania milioni 3. Kwenda kudai kisima wakati huo ni kufika arusini sufuria za pilau zimeshasuguliwa. Wenyeji watakukaribisha kwa heshima zote, na utarudi na njaa yako.

Hili la kuchelewa tuliliona kwa uchungu mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, ukiwa na kodi kwenye mkate na ada ya kila mwaka kwa wenye magari. Vijana waliusoma. Waliusoma kuliko wabunge wengi, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakaueleza kwa video fupi hadi bibi wa kijijini akajua kifungu kipi kinamgusa. Juni 25 maandamano yalifika bungeni na risasi zikapigwa. Siku ya pili Rais Ruto alikataa kutia saini. Mswada ukaanguka, lakini makumi ya watoto wa watu hawakurudi nyumbani kwao.

Sitaki kusema na wale vijana kama mzee anayewafunza kazi waliyoifanya vizuri kuliko mimi. Ninalowaomba ni kwamba moto ule wa kusoma uwashwe mapema zaidi, na uelekezwe pia upande wa pili wa daftari. Mswada wa fedha husema pesa zitatoka wapi. Hausemi zitakwenda wapi. Nchi ambayo deni lake lilipita shilingi trilioni 10 mwaka wa 2023, na ambayo katika mwaka wa fedha wa 2023/24 zaidi ya nusu ya mapato yake ya kawaida ilikwenda kulipa deni, haiwezi kuponywa kwa kupinga kodi peke yake. Kilichobaki baada ya deni ni kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachohitaji macho mengi. Yatazame magari mapya, safari, ukarabati wa ofisi iliyokarabatiwa juzi. Yatazame na mambo mazuri pia, ambayo yamo bajetini lakini hayatoki kwenye karatasi.

Hilo la mwisho lina mahali pa kulitafutia. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kaunti kwa kaunti kilichotengwa na kilichotumika. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ikae upande wa maendeleo. Kukaa inakaa. Lakini si mara moja ripoti hizo zimeonyesha kaunti ambazo robo ya kwanza ilikwisha bila hata shilingi moja kwenda kwenye maendeleo, huku posho na safari zikilipwa bila kuchelewa. Ndiyo maana kisima kilichopitishwa huweza kubaki jina tu miaka mitatu mfululizo, kikihamishwa kutoka bajeti hadi bajeti.

Sasa nikupeleke Makueni, kwa maana watu huniambia haya yote ni ndoto za wasomi.

Makueni ni nchi kavu ya Ukambani, ya maembe, machungwa na mvua ya kubahatisha. Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria aliyekuwa miongoni mwa waliopigania katiba mpya, alikataa kuridhika na mkutano mmoja kwenye ukumbi wa mji wa Wote. Kaunti ilijenga ngazi za mashauriano kuanzia kijijini. Vijiji ni zaidi ya 3,000. Kila kijiji hukaa chini ya mti wake, kikasema shida zake na kuzipanga kwa uzito, kisha wajumbe wanazipeleka kwenye kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, na mwisho kaunti. Wadi ni 30. Mtu akitaka barabara na jirani yake anataka bwawa la mchanga, wanabishana wao kwa wao kwanza, ana kwa ana, wala si kumwachia mkubwa mmoja aamue usiku.

Lakini kinachonivutia zaidi si mikutano. Ni kamati za miradi. Wananchi wanaoishi karibu na mradi huchagua kamati yao, hupewa maelezo ya kazi inayotakiwa, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanyika ilivyoandikwa. Fikiria mkandarasi aliyezoea kumaliza mambo na injinia mmoja ofisini, sasa anasimama mbele ya mama mkulima mwenye rula, anayepima unene wa ukuta. Mama huyo hahitaji shahada. Anahitaji karatasi inayosema ukuta uwe na unene gani, na uwezo wa kusema hapana.

Kwa utaratibu wa namna hiyo Makueni ilianzisha bima ya afya ambapo familia nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na ikajenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba ili mkulima asibaki akimlilia dalali msimu wa mavuno. Kila jambo lilikuwa na kasoro zake, na wenyeji wenyewe watakuhesabia. Wala amani haikutawala tangu mwanzo. Gavana na wawakilishi wadi waligombana juu ya bajeti hadi Septemba 2014 risasi zikalia katika ofisi za kaunti na watu wakajeruhiwa. Tume iliundwa, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Nayasimulia haya kwa makusudi. Mashauriano ya Makueni hayakuzaliwa kwa sababu viongozi walipendana. Yalisimama kwa kuwa wanavijiji walishazoea kuulizwa, na mtu aliyezoea kuulizwa ni vigumu kumnyamazisha.

Mazoea hayo, hata hivyo, hufa yakiachwa. Porto Alegre, mji wa kusini mwa Brazil, ndio uliofungua njia hii duniani mwaka wa 1989: wakazi wa mitaa ya mabanda waliamua wenyewe sehemu ya bajeti ya miradi, na mabomba ya maji na ya majitaka yakaingia mitaa ambayo meya wengi waliipita tu kwa gari. Miji mingi ya ulimwengu ikaiga, na baadaye hata serikali za kitaifa, Ureno na Korea Kusini zikiwamo, zikajaribu toleo lao. Kumbe nyumbani kwenyewe utaratibu ulishaanza kupoteza nguvu: pesa zilipungua, miradi iliyochaguliwa ikacheleweshwa, mahudhurio yakashuka, na mwaka wa 2017 meya akausimamisha.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mikutano yetu halisemwi kabisa, nalo ni bei. Tunapigana zahanati iingie bajetini, ikishaingia tunashangilia, na hatuulizi kwa nini inagharimu mara mbili ya ile ya jirani.

Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwatoza watengenezaji tisa wa vyuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8. Kosa lao lilikuwa kupanga bei pamoja badala ya kushindana. Vyuma vya ujenzi, ndugu msomaji, ndivyo vinavyoingia kwenye darasa la chekechea, kwenye daraja dogo la mtoni, kwenye nyumba unayoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu. Wauzaji wakikaa hotelini wakakubaliana bei, wamekutoza kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Hakukuwa na mswada wala maandamano. Ililipwa kimya kimya dukani, na kaunti nayo ikailipa kwa niaba yako.

Zabuni zina mchezo huohuo. Kampuni tatu zinaomba kazi moja, kumbe mwenyewe ni mmoja, au ni marafiki wanaopokezana: leo wewe, kesho mimi, aliyeshindwa anapewa kazi ya kuleta kokoto. Sheria ya Ushindani inaharamisha njama hiyo, na adhabu inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia. Ila ofisi ya Nairobi haiwezi kujua kwamba washindani watatu wa barabara ya wadi yenu ni mtu, shemeji yake na dereva wake. Wewe unajua. Kinyozi wenu anajua. Basi liandikeni na kulituma kwa Mamlaka hiyo, badala ya kulimaliza kwenye kiti cha kinyozi.

Najua jibu la wengi. Tulikwenda, wakatuita, tukasema, hawakusikiza. Ni kweli. Nimeketi katika mikutano ya kaunti moja ambapo kitabu cha kurasa mamia kiligawiwa mlangoni, kwa Kiingereza, saa nne asubuhi, na kufikia saa saba tuliambiwa tumeshirikishwa. Tulipewa soda na fomu ya kutia saini. Ile saini ndiyo waliyoitaka. Mama mmoja aliuliza kuhusu maji akajibiwa kwamba swali lake litashughulikiwa, neno ambalo likitoka kwa ofisa wa bajeti lina maana ya kwaheri.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba dawa ni kukaa nyumbani. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo, na bajeti ndiyo ilivyo hasa: nafasi yako ikibaki wazi, mtu mwingine anaijaza kwa lake. Dawa ni kwenda tukiwa tumejiandaa, na kuacha maandishi. Maneno ya mdomo ukumbini huyeyuka. Karatasi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa humfuata ofisa hadi kwa mkaguzi, na ikibidi hadi kortini.

Karatasi yenyewe iwe moja. Usiandike historia ya ukoloni. Andika jina la wadi, jina la mradi kama ulivyo kwenye kitabu chao, kiasi kilichotengwa, na swali. Kwa mfano: zahanati ya kijiji chetu imo kwenye bajeti ya mwaka jana, hadi leo ni kiasi gani kimelipwa, kwa nani, na kwa kazi gani? Au: tunaomba kikomo cha idara ya maji kipandishwe, na tunapendekeza pesa zitoke kwenye fungu hili la safari. Hapo kwenye pendekezo la pili ndipo wengi tunapoanguka. Tunaomba kila kitu bila kusema kipunguzwe nini, na ofisa anapata sababu ya kutuona watoto. Mwananchi anayesema ongeza hapa, toa pale, amekwisha kuzungumza lugha ya hazina.

Ukinyimwa kitabu, usigombane na karani wa mapokezi. Naye ana bosi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kusema ombi lake ofisa akaliandika. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, peleka malalamiko ofisi ya Ombudsman, ambayo sheria hiyo imeipa kazi ya kusimamia haki hii. Barua kwa Kiswahili ni halali kabisa, jamani, tuache kuogopa.

Na tudai mikutano iwe wakati ambao watu wapo. Mkutano wa Jumanne asubuhi, siku ya soko, umewatenga wanawake wanaouza mboga, wavuvi waliotoka baharini alfajiri, na vijana wa bodaboda, halafu ripoti itasema wakazi hawakujitokeza. Jumapili alasiri inawezekana. Jioni baada ya magharibi inawezekana, hasa kwetu Pwani. Walimu wa Kiswahili mlio kwenye shule za kata zote, nawaomba mchukue kurasa kumi tu zinazohusu wadi yenu mziweke kwa lugha ambayo mzazi wa darasani kwenu ataielewa. Mchango huo utazidi semina nyingi. Wanahabari wa redio za mashinani, mnatenga saa nzima kwa ligi ya Uingereza. Tupeni dakika kumi kwa ripoti ya Msimamizi wa Bajeti.

Kwa wanaodai pesa kaunti, neno moja. Kufikia Juni 2024 madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa yalipita shilingi bilioni 180, na nyuma ya tarakimu hiyo yupo mama aliyekopa kupeleka chakula hospitalini, na kijana aliyeuza pikipiki akamalize kazi ya kuchimba mtaro. Nanyi njooni kwenye mikutano ya Februari, muulize deni la zamani limepangiwa nini kabla miradi mipya haijatangazwa. Kila mradi mpya unaotangazwa juu ya deni ni nyinyi mnaoufadhili bila riba.

Wadi za Kenya ni 1,450. Katika kila moja wakipatikana watu watano waliosoma kurasa zao kabla ya Februari kwisha, mkutano utabadilika, kwa kuwa mwakilishi wadi ataanza kuulizwa maswali ambayo hakuyatarajia, na mwakilishi aliyeulizwa na watu watano hurudi bungeni kuuliza naye. Wewe uwe mmoja wa hao watano. Tangazo la mkutano wa wadi yako likitoka, mpigie jirani simu mwende wawili. Barua yako iwe na nakala, na nakala moja igongwe muhuri mbele yako. Na mkishaingia ukumbini, msikae nyuma karibu na mlango.